Tulimlipisha kijana, kumbe ambreyaji tuliiunguza sisi wenyewe

Maoni ya mwanachama

Kwa kawaida katika gazeti hili tunasoma habari za mbegu, za ugonjwa wa mozaiki ya muhogo, za bei ya mpunga sokoni. Leo niruhusuni niongee juu ya pikipiki. Najua kuna watakaosema: mambo ya pikipiki si ya wakulima, hayo ni ya mamotari. Mimi nitawajibu hivi: mpunga ambao uko shambani na haujafika depo, huo si pesa bado. Na kati ya shamba na depo siku hizi kuna moto. Ikikufa, umekufa nayo.

Naandika pia kwa sababu nina deni. Mimi ni mtunza hazina wa koperative yetu, na katika hii kesi nitakayowaeleza, nilinyoosha mkono pamoja na wengine kumhukumu mtu asiye na kosa. Nataka kuisema mbele ya watu, ili koperative zingine zisirudie.

Mambo yalivyokuwa

Koperative yetu ina moto moja ya miguu mitatu, ile yenye karoseri nyuma. Ilikuja kwa njia ya mradi, na sisi tukachanga sehemu yetu. Mwaka wa kwanza ilikuwa furaha tupu. Mama zetu waliokuwa wanabeba muhogo mgongoni toka asubuhi mpaka jua kuzama walipata kupumzika. Mpunga ulikuwa unatoka mashambani na kufika depo siku ileile. Msimu wa mpunga ukiisha, moto ilikuwa inapanda njia ya Lemera kutafuta maharagi na muhogo.

Mwaka wa pili ikaanza kuugua. Dereva wetu, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuja kwangu mara ya kwanza akaniambia: "Papa, hii moto kwenye mupando haikamate vizuri. Motere inalia sana, lakini miguu haiendi." Nikamwambia akaze kable ya ambreyaji. Akaenda kwenye garaji, wakaikaza. Akarudi mara ya pili: "Papa, sasa njo imezidi. Hata kwenye tambarare, nikitia vitesi ya ine, motere inapanda peke yake. Tena inanuka." Nikamwambia aikaze tena, msimu wa kuvuna hatuwezi kusimamisha moto. Mara ya tatu alikuja jioni, akasema maneno machache tu: "Papa, itatuacha njiani."

Ikatuacha. Ilikuwa na magunia 10 ya mpunga na watu watatu juu yake. Kwenye kijito, pale barabara inaposhuka halafu kupanda kidogo, ikakataa kupanda. Motere inaguruma, moshi unatoka, moto imesimama palepale kama imefungwa kamba. Usiku mvua ikanyesha. Yule kijana alilala pale kulinda mali yetu. Asubuhi tulipokuja kubeba magunia kwa mgongo na kwa kinga, mpunga wa chini ulikuwa umelowa. Ninyi ni walimaji, mnajua mpunga uliolowa ndani ya gunia unafanya nini: unapata joto, punje zinageuka njano, na ukienda kwenye mashine ya kukoboa unavunjika. Mnunuzi aliyekuwa anatungojea Uvira aliuangalia, akautoa kwenye bei.

Tukaitisha mkutano. Watu walikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira anatafuta wa kumbebesha. Mmoja akasema: "Ule mutoto anaendesha kama mwendawazimu." Mwingine akasema alimwona siku moja akishindana na moto zingine kwenye barabara ya Sange. Hakuna aliyeuliza ile moto ilikuwa inabeba kilo ngapi. Hakuna aliyeuliza alituambia mara ngapi. Tukapiga kura: mshahara wake wa miezi miwili ukatwe kulipa disiki mpya. Mimi nilinyoosha mkono. Kijana hakubishana. Aliweka ufunguo juu ya meza, akaenda.

Tukanunua disiki mpya, tukaweka dereva mwingine, mtu mzima, mpole, ambaye haendeshi mbio hata kidogo. Haijafika miezi miwili, akaja kwangu, akasimama palepale aliposimama yule wa kwanza, akasema: "Mzee, motere inalia, lakini miguu haiendi."

Hapo ndipo nikaanza kuogopa. Kama dereva amebadilika na ugonjwa ni uleule, basi ugonjwa haukuwa dereva.

Fundi alivyofungua mbele yetu

Tuliipeleka Uvira kwa fundi mmoja mzee, si mbali na soko la Mulongwe. Hakuanza kwa kufungua. Alianza kwa kuuliza. "Mnabeba nini? Kilo ngapi? Mnaweka mafuta gani? Nani amekaza hii kable?" Halafu akatuita, mimi na wawili wa komite, tukakaa kwenye vibao, akafungua kifuniko cha upande mbele ya macho yetu. Alitupa somo ambalo ilipasa tulipewe siku ile moto ilipofika.

Alituonyesha kwamba ambreyaji ya moto kama hizi zetu ni disiki nyingi zimepangwa kama sahani. Moja ni ya kushika, ina ngozi juu yake. Inayofuata ni ya chuma tupu. Halafu tena ya kushika, halafu tena ya chuma. Zote zinaogelea ndani ya mafuta ya motere. Resore zinazibana pamoja. Zikibanwa vizuri, nguvu ya motere inapita kwenda kwenye miguu. Ukivuta mkono wa ambreyaji, kable inazifungua resore, disiki zinaachana, unabadilisha vitesi. Ukiachia, zinabanana tena. Ni hayo tu.

Kwa hiyo, akasema, ambreyaji inateleza kwa sababu moja kati ya tatu: hazibanwi vya kutosha, au zimekuwa na utelezi, au mzigo umezidi nguvu ya kubana. Ni kama kushika kambale. Ukimshika kwa vidole viwili, anaponyoka. Ukimshika vizuri lakini mkono umejaa sabuni, anaponyoka. Na akiwa mkubwa kuliko mkono wako, anaponyoka vilevile.

Kwetu sisi alikuta zote tatu.

Ya kwanza, kable. Ilikuwa imekazwa mpaka mwisho. Na hapa ndugu zangu, sikilizeni vizuri, kwa sababu hili kosa nimeshaliona tangu hapo kwa watu wengi. Mtu akisikia ambreyaji inateleza, anafikiri ikikazwa kable itashika zaidi. Ni kinyume. Kable haikazi disiki, kable inazifungua. Kable ikikazwa kupita kiasi, ni kama mtu amevuta mkono wa ambreyaji kidogo saa zote, mchana na usiku. Resore hazibani mpaka mwisho. Kila mara nilipomwambia yule kijana "kaza kable", nilikuwa namwambia aiunguze.

Ya pili, mafuta. Fundi aliuliza kopo la mafuta. Nikamwonyesha. Lilikuwa la mafuta ya gari, mazuri, ya bei nafuu, yameandikwa kwamba yanapunguza msuguano na kuokoa esanse. Akacheka kidogo. Kwenye gari ambreyaji iko nje ya mafuta, inafanya kazi ikiwa kavu. Kwenye moto, ambreyaji inaoga ndani ya mafuta yaleyale ya motere. Mafuta yanayoondoa msuguano kwenye pistoni yanauondoa pia kwenye disiki, na disiki inaishi kwa msuguano. Si kila mafuta ya gari yatakuletea hii shida, lakini ya aina ile ndiyo yanaileta. Mafuta yale nilinunua mimi. Si dereva. Mimi, kwa sababu bei yake ilikuwa chini.

Ya tatu, resore na mzigo. Tulipobadilisha disiki tulibana pesa, tukaacha resore za zamani. Zilikwisha kuchoka kwa joto, zilikuwa fupi kuliko mpya. Na kuhusu mzigo, fundi alituonyesha kibati kwenye kadre ya moto yetu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekisoma. Kinasema kilo 500. Fanyeni hesabu pamoja nami: magunia 10, kila gunia kilo 80, ni kilo 800. Ongezeni watu watatu waliokaa juu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo wa moto nao kwetu ulikuwa usufi, kwa sababu si sisi tuliokuwa tunaubeba.

Disiki za chuma zilikuwa zimegeuka rangi ya bluu kwa joto. Za kushika zilikuwa nyeusi, zinanuka kama kitu kilichoungua jikoni. Nilizishika mkononi nikakumbuka yule kijana akisema "tena inanuka".

Namna ya kujua mapema

Sitaki niwaachie masikitiko tu. Hivi ndivyo fundi alivyotufundisha kupima, na mtu yeyote anaweza, hata asiyejua kuendesha mbali.

Ukiwa unaenda polepole kwenye vitesi ya tatu au ya nne, kwenye barabara nzuri, fungua gasi kwa ghafla. Kama sauti ya motere inapanda na mwendo unapanda nayo, ambreyaji iko sawa. Kama sauti inapanda lakini mwendo unabaki palepale, inateleza. Kama sauti yenyewe haipandi, motere imechoka tu, basi usiiguse ambreyaji: shida iko kwenye motere, labda ni kabireta, buji au filta ya hewa. Watu wengi wanafungua ambreyaji nzima kumbe filta imejaa vumbi la barabara ya Luvungi.

Kipimo cha pili: moto ikiwa imesimama, motere inawaka, shika freni kabisa, tia vitesi kubwa, halafu achia ambreyaji polepole. Motere inapaswa kuzimika. Ikiendelea kuunguruma na moto imesimama, disiki zinateleza. Fanya mara moja tu na kwa muda mfupi, maana kila mara unapofanya unaziunguza kidogo.

Angalia pia shene na pinyo. Shene ikiwa imelegea na meno ya pinyo yamekwisha, inaruka na kupiga kelele ya kukatika, na unasikia moto inashtuka. Ambreyaji inayoteleza haishtuki; inalia kwa ulaini, kama gari iliyokwama kwenye matope.

Tena msichanganye na ugonjwa wa upande wa pili. Kama vitesi inakataa kuingia, au moto inataka kwenda wakati umevuta mkono wa ambreyaji, hiyo haitelezi, hiyo haiachii. Hapo kable imelegea sana, au imechoka, au disiki zimejikunja.

Anzia kwenye kisicho na gharama

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini ufa wenyewe uuzibe kwa mpango, kuanzia kitu cha bure.

Kwanza kable. Mkono wa ambreyaji lazima uwe na uhuru kidogo kabla haujaanza kuvuta: milimita 2 au 3 pale kwenye mzizi wake, au kama sentimita 1 na zaidi kidogo ukipima kwenye ncha. Kama hakuna uhuru, legeza. Halafu angalia kama kable inateleza vizuri ndani ya ganda lake. Sisi tunavuka maji na matope; maji yanaingia, kable inashika kutu, haitaki kurudi, na ambreyaji inabaki nusu wazi. Tone la mafuta kila wiki linatosha. Nyuzi zikianza kukatika, badilisha. Kable ni kati ya vitu vya bei ndogo kwenye moto nzima.

Pili mafuta. Tafuta kwenye kopo herufi JASO MA au JASO MA2. Hiyo ni alama iliyotoka Japani kwa ajili ya moto zenye ambreyaji ndani ya mafuta. Ukiona JASO MB, hayo ni ya skuta, yaache. Kama umekwisha weka mafuta mabaya na disiki hazijaungua, fanya vidanji, weka mazuri, tembea siku chache, halafu ubadilishe tena. Mara nyingi ambreyaji inarudi kushika. Na kama baada ya kuvuka mto unaona mafuta yamekuwa meupe kama kahawa yenye maziwa, maji yameingia. Usiendeshe. Fanya vidanji hapohapo.

Tatu, kama kable ni nzuri, mafuta ni mazuri, na bado inateleza, hapo ndipo mfungue. Disiki ya kushika ikiwa mpya mara nyingi ina karibu milimita 3. Ikipungua hata nusu milimita tu, imekwisha, hata kama kwa macho unaiona nzima. Fundi mwenye kipimo atapima, fundi asiye na kipimo atakisia. Za chuma ziwekwe juu ya kioo: ikiyumba, imejikunja. Disiki mpya ziloweshwe ndani ya mafuta usiku mzima kabla ya kuwekwa. Zikiwekwa kavu zinaungua siku ya kwanza. Resore zibadilishwe zote pamoja, na bolti zake zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo. Na mafuta ya zamani yamwagwe, maana yamejaa unga wa disiki zilizoungua.

Ikikuacha njiani na huna fundi: zima, iache ipoe. Legeza kable mpaka mkono uwe na uhuru mwingi. Shusha nusu ya mzigo, acha mtu aulinde. Nenda kwenye vitesi ndogo bila kuchezacheza na ambreyaji. Utafika.

Kuna pia dawa za uongo ambazo nimeziona. Kuna wanaoweka rondela chini ya resore ili zibane zaidi. Inaweza kukufikisha nyumbani, lakini mkono unakuwa mgumu, kable inakatika, na disiki zilizoungua zinabaki zilezile. Kuna wanaokwangua disiki kwa msasa. Hiyo ni kumpaka poda mgonjwa wa malaria.

Wanaonipinga

Nilipoanza kusema maneno haya kwenye koperative yetu, watu hawakunikubali wote. Nitaeleza wanayosema, kwa haki.

Wanasema: dereva naye ana mkono wake. Ni kweli. Dereva anayelaza vidole kwenye mkono wa ambreyaji safari nzima anaiunguza. Anayeishikilia moto kwenye mupando kwa nusu ambreyaji badala ya freni anaiunguza. Anayeanza safari kwenye vitesi ya pili akiwa na mzigo, vilevile. Fundi alituambia wazi kwamba ukiangalia disiki iliyoungua huwezi kujua iliunguzwa na nani. Lakini hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kama huwezi kujua, unamkatia mtu mshahara kwa ushahidi gani? Na kama dereva hajafundishwa, aliyemkabidhi ufunguo bila kumfundisha ni nani?

Wanasema: tukibeba magunia 6 badala ya 10, safari zinaongezeka na esanse inaongezeka. Ni kweli pia. Lakini wekeni kwenye daftari esanse ya safari mbili za ziada upande mmoja, na upande wa pili wekeni disiki, resore, kazi ya fundi, siku za kusimama, na mpunga ulioharibika ndani ya mvua. Sisi tuliandika. Hatukuhitaji mtu aliyesoma sana kutuambia upande gani ni mzito. Na msisahau nani anayelipa siku moto ikisimama. Si komite. Ni mama anayerudi kubeba kwa kamba kwenye paji la uso.

Wanasema: mradi utatuletea nyingine. Hili neno linanichoma. Gazeti hili linatoka kwenye mikono ya wafadhili, kwa hiyo nitasema na kwao vilevile, kwa heshima. Mnapotuletea mashine, leteni pamoja nayo siku mbili za mafunzo, kijitabu katika Kiswahili chetu, na seti moja ya kable, disiki na resore. Mashine bila hayo ni kama kumpa mtu ng'ombe bila kumwambia anakula nini. Lakini sisi nasi tusiwe watu wa kungoja. Tumeona Aprili 2020, Mulongwe ilipotoka kwenye njia yake na kubeba nyumba za watu, kwamba njia inaweza kukatika siku moja na msaada kuchelewa. Koperative ambayo haiwezi kubadilisha kable yake yenyewe itasimama wapi siku kama hiyo?

Ninachopendekeza

Naomba kila koperative yenye moto, ya miguu miwili au mitatu, ipeleke mambo haya matano kwenye mkutano wake mkuu.

Moja: daftari ya moto. Dereva aandike kila safari alibeba nini na kiasi gani, lini mafuta yalibadilishwa, na kila malalamiko aliyotoa. Malalamiko yaandikwe na tarehe, na anayeyapokea atie sahihi. Kama ningekuwa nimetia sahihi mara tatu, nisingethubutu kunyoosha ule mkono.

Mbili: uzito uandikwe kwa rangi kwenye karoseri, kwa magunia, si kwa kilo, ili kila mtu asome. Na dereva awe na haki ya kukataa gunia la ziada, hata likiwa la prezida.

Tatu: kila gunia linalosafiri litoe kiasi kidogo kwa ajili ya pyesi na mafuta, faranga ya Kongo au ya Burundi, kadiri mnavyouza. Pesa hiyo ikae kwenye sanduku lake, isiguswe kwa mambo ya sikukuu wala ya msiba.

Nne: mafuta yasinunuliwe na mtunza hazina peke yake kwa kuangalia bei. Aende na dereva au fundi, asome kopo. Nasema hivi nikijisema mwenyewe.

Tano, na hii ndiyo kubwa kwangu: hakuna dereva atakayelipishwa kabla kifuniko hakijafunguliwa mbele ya mashahidi, na fundi hajasema alichokiona. Mahakama ya kijiji inasikiliza pande mbili hata kwa kesi ya mbuzi. Kwa nini sisi tunaojiita koperative tuhukumu kwa hasira?

Kuhusu yule kijana

Sasa anaendesha moto ya mtu mwingine pale Uvira. Nilimpigia simu. Nilimweleza yote: kable, mafuta, resore, kilo 800. Nilimwambia mafuta yalikuwa yangu. Alinyamaza kwa muda, nikafikiri mtandao umekatika. Halafu akauliza: "Papa, na sasa mumebadilisha yale mafuta?" Nikamjibu ndiyo. Akasema: "Ni vizuri. Basi itabeba."

Hakuuliza juu ya pesa yake. Lakini ni pesa yake. Jasho la miezi miwili haliwezi kusahauliwa kwa sababu mwenyewe ana adabu ya kutolidai. Mimi nimekwisha kutoa sehemu yangu. Katika mkutano mkuu ujao wa koperative yetu nitaomba zilizobaki zitoke kwenye sanduku letu sote, kwa sababu sote tulinyoosha mikono, na sote magunia yetu yalikuwa juu ya ile moto. Nawaomba wenzangu mtakaosoma haya kabla ya siku hiyo, mje mkiwa mmekwisha kuamua.

Na ninyi wa koperative zingine, kabla ya kumwita dereva wenu kwenye kesi, nendeni kwanza pale moto iliposimama. Shikeni mkono wa ambreyaji kwa vidole viwili. Kama hauna uhuru hata kidogo, tayari mmepata mahali pa kuanzia, na haijawagharimu kitu.